Kuivuta Land Rover Kongwe Kutoka Uyole Hadi Morogoro

Kwenye Land Rover za zamani, zile za Series II na Series III, sakafuni kuna mikono mitatu ya gia. Mrefu ni wa gia za kawaida. Mfupi wenye kichwa cha njano huunganisha magurudumu ya mbele. Wa tatu una kichwa chekundu, nao ndio wa kuchagua gia nyepesi za barabarani au gia nzito za matopeni. Wapo madereva walioutumia huo mwekundu miaka nenda miaka rudi bila kushughulika na nafasi iliyo katikati yake, pale mkono unapolegea na gari likawa haliendi mbele wala nyuma, hata ukanyage mafuta namna gani.

Nafasi hiyo iliwekwa kwa ajili ya wakulima. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, kampuni ya Rover ilikuwa inauza mashine ya shambani: gari linaloweza kusimama kando ya shamba, injini ikanguruma, na nguvu yake ikapelekwa kwa shafti kuzungusha msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupura nafaka. Ili hilo liwezekane, injini ilipaswa kuzunguka huku magurudumu yametulia. Kwa hiyo kwenye transfa, yaani kile kisanduku kilicho nyuma ya giaboksi kinachogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, pakawekwa mahali pa kukata mawasiliano. Na mawasiliano yakishakatwa, yamekatwa pande zote mbili. Magurudumu nayo yanaweza kuzunguka kutwa nzima, injini na giaboksi zikiwa zimelala.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ufundi ninaotaka kuusifu: kulivuta gari kongwe la porini mamia ya kilomita, matairi yake yote manne yakiwa chini, bila lori la kulibeba na bila mtu kukaa ndani yake. Magari mengi ya siku hizi hayakubali kuvutwa hivyo. Giaboksi ya otomatiki kwa kawaida hupata mafuta kutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imesimama, na vyuma vinavyoendelea kuzungushwa na magurudumu vinasagana vikavu mpaka vinaungua. Land Rover ya zamani, Jeep ya zamani na ndugu zao wa umri huo wana transfa ya meno matupu na mahali halisi pa kukata. Huko Marekani na Kanada, wastaafu wanaotembea nchi nzima kwa magari-nyumba hufunga Jeep nyuma yao na kuivuta kwa siku nyingi. Wapo wanaofika hivyo Moab, katika jimbo la Utah, ambako tangu mwaka 1967 wenye Jeep hukusanyika kila msimu wa Pasaka kupanda miamba. Wakifika wanaifungua, wanawasha injini, wanaingia porini.

Huku kwetu tumezoea kamba. Gari likifa njiani, linafungwa kamba, mtu anakaa nyuma kushika usukani na kukanyaga breki, na safari ya gereji inaanza kwa kurukaruka. Kwa kilomita chache hilo linatosha. Kwa safari ya mchana kutwa kamba ni hatari. Ikilegea na kukazwa ghafla inakatika au inang'oa ndoano. Injini ya nyuma ikiwa imezimwa, dereva wa nyuma hana taa za kutegemea, na macho yake yanachoka kwa kutazama mgongo wa gari la mbele tu. Nimeona madereva wazuri sana wakishushwa kutoka kwenye gari la nyuma wakiwa wamekufa ganzi mikono.

Fundi ninayemfikiria anaishi Uyole, kwenye njia panda ya Mbeya ambako barabara ya Tukuyu inaachana na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Hapendi kutajwa jina, nami nimemheshimu. Kazi aliyokuwa nayo nilipomfuata ilikuwa Land Rover Series III ya 109, mali ya bwana shamba mstaafu, iliyokaa bandani miaka mingi hadi injini ikakwama. Mwanawe alitaka ifike Morogoro, kwa fundi wa injini anayemwamini. Ni zaidi ya kilomita 600, kutoka nyanda za juu kwenye baridi hadi chini kwenye joto, na katikati kuna mteremko wa Kitonga.

Kazi yake ilianza chini ya gari, amelala chali juu ya gunia, na nyundo ndogo mkononi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haiozi kwa kutu. Chasisi ni ya chuma, nayo inaoza. Kwa hiyo gari linaweza kung'aa juu huku mifupa yake imekuwa maganda. Aligonga kila mahali kuanzia nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti nzito, na unga mwekundu unadondoka. Alipofika mbele, kwenye zile pembe mbili za chasisi zinazoshika springi na bumpa, alikaa muda mrefu zaidi kuliko kwingine kote, kwa sababu uzito wote wa gari ungening'inia hapo. Kijana wake alikuwa anasubiri na spana. Fundi hakumwambia neno mpaka alipokwisha kugonga pembe ya pili mara ya pili.

"Kijana wangu, hii itavutika," alisema. "Lete chuma."

Chuma chenyewe alikichomelea mwenyewe kwa bomba nene. Kina umbo la herufi A: miguu miwili inafungwa kwenye pembe za chasisi kwa pini zinazoruhusu kupanda na kushuka tu, na ncha inakaa juu ya tufe la chuma la milimita 50 nyuma ya gari la mbele. Bolti zote zina namba 8.8 kichwani, alama ya chuma kigumu. Bolti isiyo na namba haigusi. Umbo hilo lina maana yake. Ukivuta kwa mti mmoja ulionyooka, pua ya gari la nyuma inabaki huru kuyumba, na ni lazima mtu akae kwenye usukani. Ukivuta kwa A, gari la mbele likikata kona, ncha inaisukuma pua ya gari la nyuma kuelekea huko huko. Magurudumu ya mbele yanageuka yenyewe kuifuata.

Yanageukaje yenyewe? Chukua baiskeli, shika kiti chake, uikokote mbele: gurudumu la mbele linanyooka lenyewe, na ukilaza baiskeli kidogo linageuka upande huo. Sasa irudishe nyuma ukiwa umeshika kiti hichohicho. Mara moja gurudumu linapinduka na kukwama kwa upande. Waliotengeneza Land Rover waliilaza kingpini, ule mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, nyuma kwa nyuzi 3, na hizo nyuzi 3 ndizo zinazomfanya dereva ahisi usukani unarudi wenyewe baada ya kona. Ndizo pia zinazoliongoza gari lisilo na dereva. Na ndizo zinazokataza kabisa kurudi nyuma likiwa limefungwa: ukirudi mita moja tu, magurudumu ya mbele yanapinduka mpaka mwisho, tairi zinaburuzwa kwa ubavu, na chuma cha kuvutia kinapinda.

Kwa sababu hiyo, usukani ulichukua sehemu kubwa ya siku ya kwanza. Series ina viungo sita vya tairodi kati ya boksi la stelingi na magurudumu. Kijana alikaa ndani akizungusha usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, naye fundi chini ameweka kidole juu ya kila kiungo, kimoja kimoja, akiusikilizia mchezo. Viwili vilibadilishwa. Kisha akatazama mafuta ya rilei, ule mhimili uliosimama wima ndani ya chasisi nyuma ya bumpa, ambao ndani yake springi kali inabana vipande vya kupunguza mtikisiko. Magari mengi hayajawahi kuwekwa mafuta hapo tangu yatoke kiwandani. Rilei ikikauka au ikilegea, magurudumu ya mbele yanaweza kuanza kutetemeka kwa mwendo fulani, na mtetemeko huo usipokuwa na mikono ya mtu ya kuuzuia unaongezeka wenyewe hadi kung'oa kitu.

Baadaye ikaja zamu ya magurudumu. Kila moja liliinuliwa kwa jeki, likashikwa juu na chini na kutikiswa, kisha likazungushwa na kusikilizwa. Habu za mbele alizifungua. Ndani kuna nati mbili, na katikati yake bati jembamba linalokunjwa kuzifunga zisilegee. Spana yake ni bomba la milimita 52, na asiye nayo hutumia patasi na nyundo, jambo linalomuudhi fundi huyu kuliko yote. Nati hizo zilikuwa na makovu ya patasi ya mtu mwingine. Akazifuta, akaosha beringi kwa mafuta ya taa, akazitazama juani roli moja baada ya nyingine, akazipaka grisi mpya akiisukuma kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili.

Tairi zilizokuja na gari zilikuwa na nyufa za kukaa. Saizi yake ni 7.50-16, sawa kabisa na za Land Cruiser pickup iliyokuwa ivute. Mtu angefikiri tairi moja ya akiba inatosha magari yote mawili. Haitoshi. Tairi ni saizi moja, lakini matundu matano ya rimu ya Toyota yana nafasi tofauti na matundu matano ya Land Rover, na huwezi kubadilisha tairi kwenye rimu kando ya barabara ya malori. Zikabebwa akiba mbili, kila gari na yake.

Kisha propela, ile shafti ndefu inayounganisha transfa na ekseli. Transfa ikiwekwa katikati, giaboksi kubwa inapumzika, lakini shafti ya kutokea nguvu bado inazungushwa na magurudumu ya nyuma. Kwa safari fupi hakuna neno. Kwa kilomita 600 fundi huyu haachi: anafungua propela ya nyuma yote, bolti nne kila upande kwa spana ya 9/16, baada ya kuweka alama ya rangi ili irudi ilivyokuwa. Mbele, Land Rover hii ilikuwa na friwili kwenye habu. Alizigeuza zote mbili kuwa huru, na ekseli ya ndani ikaacha kuzunguka. Isingekuwa na friwili, angetoa na propela ya mbele.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanaligundua gari likiwa tayari linateremka peke yake. Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa, na nguvu yake inafika kwenye magurudumu kwa kupitia propela. Ukitoa propela, unaweza kuvuta handibreki hadi mkono uume. Gari halina breki ya kuegesha. Gia nayo haisaidii. Kwa hiyo kabla kijana hajaruhusiwa kugusa bolti ya kwanza, kabari mbili za mninga zilipigwa mbele na nyuma ya tairi, na kamba nyekundu ikafungwa kwenye mkono wa handibreki ili yeyote atakayeingia ajue kwamba hauna kazi. Kabari hizo zilisafiri mbele, chini ya kiti cha dereva, na kila tuliposimama zilishuka kabla ya mtu yeyote.

Series III ina kufuli ya usukani kwenye swichi. Ufunguo uliachwa umegeuzwa hatua ya kwanza, ukafungwa kwa waya usichomoke, na betri ikatolewa. Nyuma ya Land Rover ilifungwa ubao wenye taa za breki, indiketa na namba ya gari, waya wake ukapitishwa juu ya paa na kushikiliwa kila hatua usije ukapeperuka na kusagika. Chini ya chuma cha kuvutia ilipita minyororo miwili, imepishana kama X, ili ncha ikichomoka ianguke juu ya minyororo badala ya kuchoma lami. Nyuma ya Land Cruiser vikapakiwa viazi vya Mbeya. Vina soko Morogoro, lakini sababu ya kwanza ilikuwa uzito: Land Rover ile ina takriban tani moja na nusu, nayo haikuwa na breki ya kujifunga yenyewe. Gari la mbele lazima liwe zito kuliko la nyuma na liwe na breki za kutosha wote wawili, la sivyo, siku ya mteremko mkubwa, wa nyuma ndiye anayeongoza.

Halafu akafanya kitu ambacho sikukielewa mpaka tulipokuwa njiani. Alibandika utepe mweupe juu kabisa ya usukani wa Land Rover, na vipande viwili kwenye ncha za bumpa yake ya mbele.

Tuliondoka alfajiri, baada ya yeye kupita kwa polisi wa usalama barabarani jioni iliyotangulia kuwaeleza safari ilivyo. Mwendo ulikuwa 60, mara nyingi chini ya hapo. Nikiwa nimekaa kushoto kwake, nilianza kuona anachokiona. Katika kioo, utepe wa usukani unainama kulia tukikata kulia, kisha unarudi juu. Ukichelewa kurudi, kuna kitu kinabana. Ukitetemeka, mwendo umezidi. Utepe wa bumpa ukishuka upande mmoja, tairi ya upande huo inapoteza upepo. Hilo la tairi ndilo linalomnyima usingizi. Gari lako likipata pancha unalihisi kwenye usukani na kwenye makalio. Gari unalolivuta likipata pancha husikii lolote. Injini yako inavuta, redio inaimba, na nyuma yako tairi inajitafuna hadi rimu inaanza kutoa moto. Kila ambacho dereva hukijua kwa mwili wake alipokaa, hapa kinapaswa kutafutwa kwa macho na kwa mikono, kwa makusudi, tena na tena. Ndiyo maana nauita ufundi huu, na ndiyo maana unamfaa mtu mvumilivu.

Kituo cha kwanza kilikuja mapema mno, kilomita kama kumi tu kutoka nyumbani, nami nikadhani kuna hitilafu. Hapana. Ndicho kituo muhimu kuliko vyote, kwa sababu kosa lolote la kufunga huonekana hapo, kabla halijakua. Kabari chini. Kisha akaanza na tairi ya nyuma kushoto, akazunguka gari kwa mpangilio ambao hakuubadilisha hadi Morogoro: kwanza mgongo wa mkono karibu na habu bila kugusa, kisha kiganja juu yake, kiganja juu ya ngoma ya breki, kiganja juu ya tairi yenyewe, vidole kwenye nati za magurudumu. Mbele aligusa pini mbili za chuma cha kuvutia na vibanio vyake, tufe, minyororo, soketi ya umeme. Upande wa kulia akarudi nyuma. Mwisho alichungulia chini, pale propela ilipotoka, kuona kama mafuta yanavuja kwenye difu.

Haangalii joto lenyewe. Habu zote zikiwa za moto kiasi kilekile, ni jua na mwendo. Anachotafuta ni tofauti. Makambako, ambako barabara ya Songea inaanzia, habu tatu zilikuwa vuguvugu na ya mbele kulia ilikuwa inachoma. Mtu mwenye haraka angeimwagia maji na kuondoka. Yeye aliinua gurudumu, akalizungusha, akasikia mkwaruzo mwembamba mara moja kila mzunguko. Lainingi ya breki ilikuwa inagusa ngoma. Akaingiza spana nyuma, akalegeza nati ya kurekebishia kidogo sana, akazungusha tena, akalegeza tena nusu ya ile ya kwanza. Gurudumu likazunguka kimya. Tuliendelea kusubiri habu ipoe kabisa, kwa sababu grisi iliyochemka huwa nyepesi na anataka aihisi ikiwa baridi kabla ya kuiamini tena. Kijana alikwenda kununua maandazi na chai.

Mafinga, kituo cha mafuta kilikuwa kimejaa. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, alitupungia mkono turudi nyuma kidogo tukae sawa na pampu. Fundi alizima injini, akashuka, akapiga kabari, akachomoa ncha ya chuma kwenye tufe, akasogeza Land Cruiser peke yake, akajaza dizeli, akarudi kwa kuzunguka kiwanja, akafunga upya na kukagua kila kitu kana kwamba ndiyo tunaanza safari. Foleni nyuma yetu ilipiga honi. Hakugeuka.

Karibu na Iringa askari alitusimamisha. Alizunguka, akachungulia ndani ya Land Rover.

"Mzee, nani anaendesha hili la nyuma?"

"Afande, hamna mtu humo. Njoo nikuonyeshe."

Akamwonyesha pini, minyororo, taa zikiwaka na kuzima kijana alipokanyaga breki mbele. Askari aliuliza maswali mazuri, hasa kuhusu mteremko. Alijua, kama kila mtu wa njia hiyo anavyojua, kwamba mbele yetu kulikuwa na Kitonga.

Kutoka Iringa barabara inapita Ilula, kwenye matenga ya nyanya, kisha ardhi inakwisha na lami inaanza kushuka kwa kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Malori yanapanda kwa kunguruma na mengine yanashuka yakinuka lainingi zilizoungua. Fundi alisimama juu muda mrefu kabla ya kushuka. Alikagua kila kitu, akaacha breki za Land Cruiser zipoe, akasubiri msafara wa malori upite ili asiwe na mtu wa kumkimbilia wala wa kumsukuma. Madereva wa zamani husema gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Alishuka na gia ya pili tangu kona ya kwanza na hakuibadilisha mpaka chini.

Hapa ndipo nilipoelewa tofauti ya kuvuta na kusukumwa. Kwenye tambarare chuma kimekazwa, na gari la nyuma limenyooka kwa sababu linavutwa. Kwenye mteremko Land Rover inataka kutangulia. Chuma sasa kinabanwa, na kitu kinachosukuma kwa nyuma kwenye kona hutafuta kukimbilia pembeni. Tani moja na nusu zikisukuma mkia wa pickup kwa mshazari, katikati ya kona yenye mchanga, zinaweza kuuzungusha. Dawa yake ni kumaliza kupunguza mwendo kabla ya kona, barabara ikiwa bado imenyooka, kisha kuingia taratibu na kugusa mafuta kidogo sana katikati ya kona ili chuma kikazwe tena. Breki alizitumia kwa mguso mfupi na kuachia, mguso na kuachia, kamwe si kuegemea. Katika kioo utepe mweupe uliinama na kurudi, ukainama na kurudi. Hakuna aliyezungumza ndani ya gari. Lori moja lilitupita kwa nguvu kwenye sehemu iliyonyooka, naye akaliachia nafasi kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulitarajia.

Chini, Ruaha Mbuyuni, katikati ya mibuyu na mafungu ya vitunguu, joto lilitupokea. Aligusa habu zote kwa mpangilio uleule. Zilikuwa sawa.

Tulilala mji wa Mikumi. Jua lilikuwa halijazama, na tungeweza kuvuka hifadhi kwa taa, lakini hakutaka: tembo akijitokeza gizani dereva anahitaji kusimama ghafla, na kusimama ghafla ndicho kitu kimoja ambacho magari mawili yaliyofungwa pamoja hayawezi kukifanya vizuri. Asubuhi tulipita kwa mwendo wa bango la hifadhi, twiga wakiwa upande wa kushoto, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa Morogoro.

Aliyetupokea alitaka gari lisukumwe ndani mara moja. Fundi aliomba subira. Propela ilirudishwa kwa alama zake za rangi na kwa nati mpya, kwa sababu nati za kujifunga hazistahili kutumika mara mbili mahali hapo. Friwili zilibaki huru, transfa ikabaki katikati, na handibreki ikavutwa na kujaribiwa kwa watu watatu kusukuma. Ilishika. Ndipo akafungua ile kamba nyekundu na kuondoa kabari.

Jambo linalonitia wasiwasi ni kwamba ujuzi huu mwingi uko mikononi mwa watu wa umri wake, na Land Rover hizi bado zipo mabandani Mbeya, Njombe, Songea na Arusha, zikisubiri kupelekwa kwa mafundi au kwa wajukuu. Kijana aliyekuwa naye sasa anajua kugonga chasisi na anajua kwa nini handibreki inakufa propela ikitoka; vijana wa kiwango chake wanahitajika wengi zaidi, na vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kulifundisha hili kwa wiki moja ya mazoezi.

Wewe msomaji mwenye gari la namna hiyo, usilitoe kwa mtu wa kwanza anayekubali kazi. Muulize atafanya nini na propela, atasimama wapi mara ya kwanza, na gari litashikwa na nini likisimama kwenye mteremko. Akikujibu kwamba ana kamba imara, mshukuru, kisha endelea kutafuta.